Ningesema, Ningefukuzwa: Juu ya Ukweli na Kuaminiana Kiwandani

Jioni moja katika darasa letu la watu wazima hapa Bukoto tulikuwa tukifundisha matumizi ya viambishi -nge- na -ngali-. Somo hili, kama wajuavyo walimu wenzetu, huwachosha sana wanafunzi wa Kampala, nasi tulilianza kwa mifano ile ile ya siku zote: ningekuwa na fedha ningejenga nyumba, mvua ingenyesha tungelima. Kisha tukawaomba wanafunzi watunge sentensi zao wenyewe. Mmoja wao, kijana afanyaye kazi katika kiwanda cha vyombo vya plastiki, alisimama akasema: "Ningesema, ningefukuzwa." Darasa likacheka. Sentensi ilikuwa sahihi, tukaiandika ubaoni. Tukamwuliza, kwa ajili ya zoezi tu, kama aweza kutunga nyingine yenye -ngali-. Akafikiri kidogo, akasema: "Tungalisema, mwenzetu angalikuwa na vidole vyake." Safari hii hakuna aliyecheka.

Tulikisikiliza kisa chake baada ya kipindi, na twakieleza hapa kwa kuwa hoja yetu yote yatoka humo. Kiwandani mwao mna mashine ya kusaga mabaki. Mabeseni yaliyotoka vibaya na madumu yaliyopasuka hutiwa humo, yakasagwa kuwa chembechembe, nazo zikayeyushwa upya. Mdomo wa mashine hiyo una kifuniko cha chuma, na kifuniko kikiwa mahali pake vipande vikubwa havipiti mpaka vikatwekatwe kwanza. Kazi ya kuvikatakata huchukua muda. Basi kifuniko kikaondolewa. Hakuna aliyeamuru kwa maneno kwamba kiondolewe. Ila hesabu ya magunia yaliyotakiwa kwa zamu moja ilipandishwa, na kila mtu akaelewa. Kwa muda wa miezi miwili kifuniko kile kilikuwa kimeegemezwa ukutani, karibu na ndoo ya maji ya kunywa, ambapo kila aliyekwenda kunywa alikiona. Fundi wa mitambo alikiona. Msimamizi wa zamu alikiona. Mama afagiaye alikuwa akikisogeza kila asubuhi ili afagie nyuma yake, kisha akikirudisha pale pale. Mwishowe mtu mmoja akapoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Kesho yake meneja aliwakusanya wafanyakazi akawauliza, kwa uchungu ambao kijana wetu asema haukuwa wa kuigiza: "Kwa nini hamkuniambia?" Wakatazama chini. Mama afagiaye hakuwapo mkutanoni. Yeye ameajiriwa na kampuni nyingine, ya usafi, na haikumpitikia mtu kumwita.

Swali lile la meneja halikupata jibu siku ile, nasi twapenda kulitafutia jibu katika kurasa hizi, ingawa sisi ni walimu wa lugha wala si wataalamu wa viwanda. Kwa mtazamo wa kwanza laonekana jepesi. Ni wajibu wa kila mtu kusema kweli, hasa kweli iwezayo kuokoa kiungo cha mwenziwe. Wahenga walisema kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Lakini wahenga hao hao walituachia pia kwamba ulimi uliponza kichwa, na sisi walimu huzifundisha methali zote mbili katika kipindi kimoja bila kuona haya. Kijana aliyenyamaza hakuwa ameisahau ile ya kwanza. Alikuwa amepima, akaona ya pili ndiyo itumikayo kiwandani mwao.

Ukimya wa mfanyakazi aghalabu huhesabiwa kuwa kasoro ya tabia yake: ni mwoga, ni mvivu wa kufikiri, hana uchungu na mali ya kiwanda. Sisi twaona kwamba ukimya huo ni hukumu, na anayehukumiwa ni yule ambaye angeambiwa. Mfanyakazi amekwisha kumtazama mkubwa wake kwa miezi na miaka. Amemwona mwenzake aliyelalamikia vumbi akihamishiwa zamu ya usiku. Ameona kwamba aletaye habari mbaya huulizwa jina kabla ya kuulizwa habari yenyewe. Kutokana na mambo hayo madogo madogo amejifunza somo, na amelijifunza vizuri kuliko wengi wanavyojifunza masomo yetu. Meneja anapouliza kwa nini hakuambiwa, kwa hakika auliza juu ya miaka yake yote mahali pale, wala si juu ya siku ile moja.

Tena wengi wa wanafunzi wetu ni vibarua. Neno hili lafaa litazamwe kidogo. Barua ikifanywa ndogo huwa kibarua, na zamani huko pwani kibarua kilikuwa kile kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Hata leo, akikosa kazi, twasema kibarua chake kimeota nyasi. Sheria zipo. Uganda ina sheria ya mwaka 2006 juu ya usalama na afya kazini. Na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1981, wataka mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu alindwe asidhurike kwa sababu ya kujiondoa kwake. Hayo ni mema, na twawasihi walimu wanaofundisha wafanyakazi wayasome pamoja nao. Walakini sheria humsaidia mtu aliyefukuzwa, na kibarua hafukuzwi. Asubuhi watu husimama langoni, msimamizi huita majina, na jina lake haliitwi. Ni hakimu gani atakayeuliza kwa nini jina fulani halikuitwa Jumanne?

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili, na yafaa tuikiri. Katika nchi hii Kiswahili kiliingia masikioni mwa watu wengi kwa sauti ya amri. Kilikuwa lugha ya jeshi, ya polisi na ya magereza tangu siku za ukoloni; na nchi jirani ya Kenya walowezi walijifunza kiasi cha kutosha kumwagiza mpishi na mtunza bustani, wala hawakuhitaji zaidi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini raia wengi wa Kampala walikuwa wamekwisha kukifahamu kuwa lugha ya mtu mwenye bunduki aulizaye vitambulisho usiku. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipa msukumo mpya. Twashukuru. Lakini jeraha la namna ile halitibiwi kwa azimio. Katika viwanda vya mji huu Luganda ndicho kisikikacho zaidi. Bali pale anapokutana mtu wa Gulu na wa Mbale, wa Busia na wa Kongo, Kiswahili huitwa kuja kusaidia, na mara nyingi huja kimevaa amri: leta, ondoa, harakisha, simama hapo. Wanafunzi wetu wengi walipofika darasani walikuwa na vitenzi vingi vya kuamrisha na hawakuwa na njia hata moja ya kusema "mimi naona vingine." Ofisi husema Kiingereza, amri hushuka kwa Kiswahili, na manung'uniko hubaki katika lugha za nyumbani, ambazo ofisi haizisikii. Mtu aweza kuishi miaka kumi katika kiwanda namna hiyo bila kupata lugha ambayo hofu yake yaweza kupandia ngazi.

Pengine msomaji atasema kwamba Mwafrika kwa desturi yake humheshimu mkubwa, na kwa hiyo kunyamaza mbele ya meneja ni adabu tu. Hoja hii twaisikia sana, hasa kutoka kwa mameneja, na historia ya karibu yaikataa. Tarehe 25 Januari 1971 Amin alitwaa utawala hapa Kampala. Mwezi uliofuata Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Mwongozo nchini Tanzania, na mapinduzi haya ya Kampala yalikuwa mojawapo ya mambo yaliyoisukuma kufanya hivyo. Ndani ya waraka ule, uliojaa habari za ulinzi na ukombozi, mlikuwamo fungu la 15 lililowakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu kwa wale wanaowaongoza. Mwaka uliotangulia, 1970, Waraka wa Rais namba 1 ulikuwa umekwisha agiza ziundwe halmashauri za wafanyakazi katika mashirika ya umma. Halmashauri zile zilikuwa za kushauri tu, na nyingi hazikuleta badiliko kubwa. Lakini fungu la 15! Wafanyakazi wa Dar es Salaam walilishika kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Kati ya 1971 na 1973 kazi zilisimama kiwanda baada ya kiwanda, na mara nyingi lililowasimamisha watu halikuwa nyongeza ya mshahara bali matusi ya mkubwa, dharau zake, namna alivyowapekua langoni au kuwajibu walipomwuliza jambo. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika hata kukitwaa kiwanda mikononi mwao.

Watu wale walikuwa ni wale wale waliokuwa wakinyamaza mwaka 1969. Adabu zao hazikubadilika katika miezi michache, wala wazee wao hawakuwafundisha utovu wa heshima. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwako maandishi, yametolewa na Chama chenyewe, ambayo mtu aweza kuyataja asiwe amesimama peke yake. Hapo ndipo iliposikika sauti iliyodhaniwa kwamba haipo. Yaliyofuata hayakuwa mazuri yote. Kazi zilipotea, uzalishaji ukatiwa mashaka, viongozi wakaanza kuhubiri nidhamu kuliko fungu la 15, na wale waliojaribu kuifuata njia ya Mount Carmel walikabiliwa na polisi. Sisi hatuyataji mambo haya ili kusifu migomo. Mgomo ni habari iliyochelewa. Ni sentensi ya -ngali-. Neno ambalo lingesemwa kwa dakika mbili mezani Jumatatu, likizuiwa, hutoka langoni baada ya mwaka kwa sauti ya watu mia tano.

Na mahali pengine halitoki kabisa. Tarehe 23 Aprili 2013, katika jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana ukutani na kwenye nguzo. Jengo lilikuwa na viwanda vya nguo vitano katika ghorofa za juu, na benki na maduka chini. Benki na maduka yalifungwa. Washonaji, wengi wao wanawake, waliitwa warudi kazini asubuhi ya tarehe 24. Wengine walisitasita nje, wakahimizwa na kutishwa kwa mishahara yao, wakaingia. Jengo likaanguka, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Nyufa zile hazikuwa siri ya mtaalamu; kila mwenye macho aliziona. Karani wa benki na mshonaji waliuona ukuta mmoja. Tofauti yao ni kwamba woga wa karani ulisikilizwa na woga wa mshonaji ulipigiwa hesabu ya siku za mshahara. Washonaji wale hawakuwa na chama cha kuwasemea.

Hapa twarudi ubaoni, kwa sababu kijana wetu alifanya jambo ambalo hatukuliona mpaka tulipofika nyumbani. Tulimwomba abadili kiambishi cha wakati tu. Yeye alibadili na cha nafsi. Sentensi ya kwanza ilikuwa na ni-, ya pili ilikuwa na tu-. Ningesema, ningefukuzwa, tungalisema, mwenzetu angalikuwa na vidole vyake. Hatudhani kwamba alikusudia, lakini falsafa yake ni nzuri kuliko yetu. Wajibu wa kusema, tukiutwika juu ya mtu mmoja mmoja, twauweka mahali ambapo waweza kuvunjika kwa urahisi. Twamtaka kibarua awe shujaa kila siku kwa ujira wa kibarua. Lakini hatuwezi kumwondolea lawama yote pia, na hapa hatukubaliani na wale wasemao kwamba mnyonge hana kosa kamwe. Watu thelathini wa zamu moja walipita mbele ya kifuniko kile. Hakuna aliyewazuia kusema pamoja, au angalau kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Twamwuliza kijana: je, ninyi kwa ninyi mlilizungumza? Akajibu kwamba hawakulizungumza, kwa kuwa hakuna aliyejua nani kati yao humpelekea mkubwa maneno.

Jibu hilo lilitutia huzuni kuliko habari ya vidole. Mahali ambapo ofisi hupata habari zake kwa wambeya, ukweli hufanana na uchongezi. Mtu asemaye "kifuniko kimeondolewa" ahesabiwa kuwa amemchongea aliyekiondoa. Na kwa sababu hakuna apendaye kuitwa mchongezi, watu wema ndio hunyamaza kwanza. Tulisikia habari ya kiwanda kingine ambapo wakubwa, walipoambiwa kwamba siku hizi yatakiwa uwazi, walitundika sanduku la maoni. Lilikuwa sanduku zuri la mbao, limepakwa rangi ya samawati, lenye kufuli. Lilitundikwa chini ya dirisha la ofisi ya msimamizi, na ufunguo alikuwa nao msimamizi. Mwisho wa mwaka walikuta ndani yake tiketi moja ya kamari na ganda la karanga.

Twapaswa pia kuwa waadilifu kwa msimamizi. Wiki chache baadaye alikuja darasani kwetu msimamizi wa ile zamu yenyewe, mzee wa miaka hamsini na kitu, kwa kuwa kampuni yao ilikuwa ikipeleka bidhaa Goma na yeye alitakiwa kuzungumza na wanunuzi. Kiswahili chake alikipata utotoni katika kambi ya polisi ya Naguru, chenye amri nyingi na salamu chache. Kijana alipomwona akiingia aliinuka, akasema, "Karibu, mzee," akampa kiti chake, akaenda kusimama nyuma. Baada ya kipindi mzee yule alibaki. Alikuwa ameambiwa kwamba kisa kimetufikia. "Mwalimu," akasema, "ninyi mnaniona mimi mkubwa. Na mimi nina mkubwa wangu. Nikimpelekea magunia machache haniulizi kifuniko, ananiuliza magunia." Tukamwuliza kama alipata kumweleza meneja kwamba hesabu ile haifikiwi mashine ikiwa imefunikwa. Akatutazama kama mtu atazamavyo watoto. Basi meneja naye hakuwa amedanganywa na kibarua. Alikuwa amedanganywa na karatasi zake mwenyewe, ambazo kila wiki zilimwambia kwamba hesabu inafikiwa, na hakuuliza inafikiwaje. Bila shaka mwenye mali aliyeko juu ya meneja naye anazo karatasi zake.

Nani basi aanze? Wengine wasema kuaminiana ni kama mzani, kila upande uweke sehemu yake kwa wakati mmoja. Sisi hatuoni hivyo. Lugha yetu yatufundisha vingine. Maneno amini, imani, uaminifu, amana na amani yote yatokana na shina moja la Kiarabu. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwa mwingine aitunze. Mtu haweki amana kwa kuwa ameombwa kwa sauti tamu; huiweka kwa mtu ambaye amemwona akirudisha amana za wengine zikiwa kamili. Habari mbaya ambayo mfanyakazi ampelekea mkubwa ni amana ya namna hiyo, kwa maana ndani yake ameweka chakula cha watoto wake. Mwenye kuipokea akiitumia kumtafuta wa kumwadhibu amekula amana, na watu wote huona. Kwa hiyo twasema waziwazi: aanze yule ambaye hasara yake ni ndogo. Kibarua akikosea katika kumwamini meneja hupoteza kazi. Meneja akikosea katika kumwamini kibarua hupoteza nusu saa ya mashine. Mizani hiyo haiko sawa, na anayedai waanze pamoja amekwisha kumpendelea mmoja.

Na kuanza huko si hotuba. Tumezoea kusikia kwamba kiwanda chataka uwazi, na maana yake huwa kwamba mfanyakazi aeleze kila kitu: alikuwa wapi, amechelewa kwa nini, mfukoni mna nini. Ofisi yenyewe haielezi kitu. Haisemi oda ya mwezi huu ni kubwa au ndogo, haisemi mshahara utachelewa mpaka siku yenyewe ifike, haisemi nani atapunguzwa mwezi wa Desemba. Uwazi wa namna hiyo ni upekuzi uliobadilishwa jina. Meneja ambaye angewaambia watu wake, kabla hajaulizwa, "hesabu hii niliipandisha kwa sababu tumepoteza mnunuzi, nami sijui kama yawezekana, niambieni itavunja nini," angekuwa ameweka amana yake kwanza. Kweli, angejiweka hatarini. Mmoja aweza kupeleka habari kwa washindani. Mwingine aweza kuitumia kutega kazi. Wafanyakazi nao si malaika: yuko aibaye chembechembe kwa mifuko, yuko augulaye kila Jumatatu. Lakini hasara hizo zahesabika.

Mfano mmoja wa mbali utatosha. Katika viwanda vya Toyota huko Japani mfanyakazi wa mstari wa kuunganishia magari alikuwa na kamba iliyopita juu ya kichwa chake. Akiona kasoro huivuta, kiongozi wake huja, na isipotengenezwa upesi mstari wote husimama. Mwaka 1984 Toyota na General Motors walikifungua upya kwa ubia kiwanda cha Fremont, California, ambacho General Motors walikuwa wamekifunga mwaka 1982 baada ya miaka ya magomvi, utoro na magari mabovu. Wengi wa walioajiriwa walikuwa ni wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kikabaki. Wakapewa kamba, na kwa muda mfupi magari yao yakasifiwa kwa ubora. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2010 kwa sababu nyingine. Hatusemi kamba huleta maisha ya milele. Twasema tu kwamba kamba yenyewe si kitu. Kikuubo utaipata kwa bei ndogo. Gharama iko katika lile litokealo baada ya kuvutwa. Kiongozi akija, akatazama kasoro, akashukuru, kesho itavutwa tena. Akija akauliza, "Nani kavuta?" itabaki ikining'inia pale mpaka ipate vumbi, kama lile sanduku la samawati.

Kifuniko cha mashine ile, twaambiwa, kimerudishwa mahali pake na kufungwa kwa skrubu. Hesabu ya magunia haikushushwa. Kijana asema kwamba skrubu mbili kati ya nne zimekwisha legea, na kwamba yeye na wenzake watatu wamekubaliana kwenda pamoja kwa mzee msimamizi kumwambia, kabla hazijatoka zote.

Kwa upande wetu, tumebadili mpango wa masomo. Darasa la wafanyakazi halianzi tena na vitenzi vya kuamrisha, tunaanza na "kwa nini," na "naona," na "sidhani." Wiki iliyopita mama mmoja, mshonaji, aliuliza mtu asemeje akitaka kumpinga mkubwa aliyemzidi umri bila kumvunjia heshima. Tukaandika ubaoni: "Niwie radhi, mzee, nilikuwa naomba kusema neno moja, kama utaniruhusu." Mwenzake akasema kwamba mpaka uyamalize maneno hayo yote mkono umekwisha ingia mashineni. Tukayafupisha. Wengine wakaona sasa yamekuwa makavu mno, mzee atakasirika. Tukayarefusha kidogo. Yule mzee wa Naguru, aliyekuwa ameketi mbele, akasema kwamba yeye angetosheka na "Mzee, njoo uone." Tukaiandika hiyo pia, ingawa njoo ni amri. Kengele ikalia hatujakubaliana, na kijana wa plastiki, akiwa amekwisha shika mlango, akageuka akauliza: "Na kama ni meneja, Mwalimu, ambaye hajui Kiswahili?"